Kwa Nini Dovani Hakula Mkate

"Mgeni wako hataki chakula changu."

Mama Grasiana alilisema hilo kwa sauti ya chini, lakini mwiko wake haukujua mambo ya sauti ya chini. Aliugonga kwenye ukingo wa sufuria mpaka kuku wa jirani waliokuwa wakiparura nyuma ya jiko wakakurupuka.

"Labda hana njaa bado, mama," Ritha alijaribu.

"Katoka Handeni asubuhi na mapema, jua limeshageuka, hana njaa? We Ritha, jogoo yule nimeletewa kutoka Bungu na mama yangu mzazi. Nilikuwa namtunza kwa ajili ya Krismasi. Nikasema haya, rafiki wa mwanangu anakuja, nimchinje. Nimemwekea paja. Nikiingia sebuleni, anainamisha uso kama niliyemfumania anaiba. Nikitoka, nikirudi, paja liko palepale linanitazama."

Ritha alicheka bila kutaka, kisha akajuta, maana mama yake hakuwa anatania.

"Au hawali kuku?" Mama Grasiana aliuliza, sasa kwa wasiwasi. "Nimewahi kusikia Wamasai hawali kuku."

Ritha angependa sana jibu liwe hilo. Lakini kila alipokutana na mgeni huyo, Kuntai, pale stendi ya Handeni, Kuntai aliagiza chipsi kuku, akamaliza zake, akamsaidia Ritha na za kwake, halafu akaomba pilipili ya kufutia sahani. Kuntai alikuwa mpenzi mkubwa wa kuku. Kama hali leo, basi hali kwa sababu nyingine, na Ritha aliogopa kuijua.

Hofu yenyewe ilikuwa na jina, nalo ni Gregori. Gregori alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Korogwe mjini, mwanamume mpole, mwenye adabu, asiyekunywa wala kupiga kelele. Aliposa kwa utaratibu, akamtuma shangazi yake, na shangazi angerudi kesho Jumapili baada ya misa kuchukua jibu. Ritha hakuwa na ubaya wowote wa kumsema Gregori. Akikaa naye alitazama saa, basi.

Kwa Kuntai saa aliisahau. Walijuana kwenye grupu la WhatsApp la wapenzi wa Malango ya Veshi, gemu la hadithi ambalo mchezaji anamwongoza msafiri aitwaye Dovani, toka mji wenye lango hadi mji wenye lango, akimtafuta mtu aliyezima taa za nchi nzima. Sehemu nne zimeshatoka. Ya tano watengenezaji wanaahidi tu, na wapenzi wa gemu hilo wamebaki na maswali ambayo hakuna anayewajibu. Nani alizima taa? Mbona saa ya mji wa Haruni inakwenda kinyume? Zile nyayo kwenye theluji mwisho wa sehemu ya pili ni za nani?

Na lile la mkate, ambalo lilikuwa limevunja urafiki wa watu. Katika sehemu ya tatu Dovani anafika nyumbani kwa Bibi Halvara, ametoka kuvuka theluji, hoi, hajala. Bibi anamwekea mkate na mchuzi. Dovani anautazama mkate, anasimama, anatoka nje akiwa amegeuza uso. Hasemi neno, na gemu linaendelea. Wengine kwenye grupu walisema mkate ulikuwa na sumu. Wengine wakasema watengenezaji walikuwa wavivu. Ritha alikuwa kiongozi wa kundi la tatu, lililoshikilia kwamba Dovani alifia kwenye theluji na anayetembea ni mzimu, na mizimu haili.

"Dovani yuko hai," Kuntai aliandika siku ya kwanza. "Siku moja nitawaambia kwa nini hakula."

Hakuwaambia. Ritha alimfuata pembeni kumbana, wakabishana wiki nzima, na tangu hapo hawakuacha. Kuntai aliuza dawa za mifugo Handeni mjini. Kwao ni mbele ya Kwaluguru, kwenye mbuga kavu za wafugaji, na ndiko alikolichezea gemu lile kwenye simu aliyoichaji kwa sola ya kaka yake. Walibishana asubuhi kabla ya salamu. Walibishana Ritha akiwa kazini kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mpaka siku moja akachapa jina la Dovani kwenye cheti cha ubatizo wa mtoto wa watu. Walipoanza kuonana, Ritha alijikuta anavaa gauni zuri kwa ajili ya kwenda kubishana.

Lakini neno lenyewe la mapenzi Kuntai hakuwahi kulisema. Ritha alilisubiri kila walipoagana, likawa halifiki. Wiki hii, Kuntai aliposema, "Nataka nije kwenu, nimsalimie mzee," moyo wa Ritha uliruka. Akajiapiza kwamba akisema neno leo, kesho Gregori ataambiwa hapana. Asiposema, hatamsubiri tena.

Sasa mtu mwenyewe amekaa sebuleni, hali wala hasemi.

"Nenda ukamuulize," mama yake alisema. "Mimi nikimuuliza nitamkosea adabu."

Sebuleni, Mzee Nicolaus alikuwa amejificha nyuma ya gazeti lake kama kawaida. Alikuwa dereva mstaafu wa trekta kwenye mashamba ya mkonge, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu aliyekuja Korogwe kukata mkonge akalowea moja kwa moja. Asubuhi Kuntai alipofika aliinamisha kichwa mbele yake ili ashikwe utosini, salamu ya vijana wa kwao. Mzee alikishika kwa uangalifu mkubwa na kukiachia haraka, na tangu hapo wawili hao walikuwa wamezungumzia mvua tu.

Kuntai alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, shati la samawati limenyooshwa vizuri, mikono juu ya magoti. Wali ulikuwa umepoa. Alipomwona Ritha aliinua macho, akatabasamu, na Ritha akasahau kwa muda kwamba alikuja kugomba. Ana macho ambayo yakikutazama unajiona umependeza. Ritha aliona ni ukatili kumpa macho kama yale mtu asiyesema.

"Kijana," ilisema sauti ya nyuma ya gazeti.

"Naam, mzee."

"Wewe ndiye Kuntai wa Handeni?"

"Ndiye mimi."

"Yule anayesema Dovani hajafa?"

Ritha alimgeukia baba yake. "Baba! Umejuaje?"

Gazeti likashuka. Mzee Nicolaus alikuwa na uso wa mtu aliyenyamaza miaka mingi na kuchoka. "Unapigana na mazimwi kwenye sebule yangu kila jioni, halafu unaniuliza nimejuaje? Unafikiri nasoma gazeti? Gazeti lenyewe la mwaka juzi."

"Si ulisema gemu ni upuuzi?"

"Ni upuuzi. Upuuzi wenye mambo." Akamgeukia Kuntai, akasogeza kiti. "Hebu niambie wewe mwenye akili. Zile nyayo za kwenye theluji ni za nani?"

Kuntai alimtazama Ritha kuomba ruhusa, Ritha hakuwa na hali ya kutoa ruhusa. "Wengi wanasema ni za mlinzi wa lango, mzee."

"Wengi hawana macho! Mguu wa kushoto unaburuzwa. Nani anaburuza mguu wa kushoto humo ndani?"

Kuntai alifikiri. Kisha akajipiga paja. "Mama yake Dovani! Sehemu ya kwanza, sokoni!"

"Mama yake!" Mzee Nicolaus alisimama kabisa. "Nimekaa nalo peke yangu hilo. Ritha kapita sokoni kule mara ngapi, anakimbilia mapanga tu."

"Baba, mama yake Dovani alikufa."

"Kwako wewe kila mtu amekufa," baba yake alimjibu, na Kuntai akacheka kicheko chake kile cha kutupa kichwa nyuma, na Ritha naye akacheka, na kwa dakika hizo chache sebule ile ilikuwa mahali pazuri kuliko pote Korogwe. Walirukia saa ya Haruni. Mzee alikuwa na maelezo yake. Kuntai akayapinga kwa heshima, Mzee akafurahi kupingwa, Ritha akawapinga wote wawili. Alivitazama vichwa vyao vilivyoinamiana, akawaza, Mungu wangu, hiki ndicho ninachokitaka maisha yangu yote.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama Grasiana aliingia na sahani nyingine, wali wa moto, kipande kingine cha jogoo wa Bungu, na tabasamu alilolilazimisha kwa nguvu zote.

"Nimeona kile kimepoa, mwanangu," alisema. "Karibu, kula kidogo tu."

Kuntai alisimama. Akageuza uso ukutani, akapita kando ya kabati bila kumtazama mama mwenye nyumba, akatoka barazani.

Tabasamu la Mama Grasiana lilikufa. Aliweka sahani mezani taratibu, na utaratibu ule ulikuwa mbaya kuliko kugonga mwiko.

"Sawa," alisema. "Nimeona. Kesho shangazi yake Gregori akija, mimi jibu ninalo."

Ritha alitoka mbio. Kuntai alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, amewapa mgongo.

"Umemdharau mama yangu," Ritha alisema. "Amechinja jogoo wake wa Krismasi. Kama chakula chetu hakikufai ungeniambia tukutane stendi, kama siku zote."

"Ritha, sijamdharau. Naapa. Ni kinyume chake kabisa."

"Kinyume chake ni kula!"

"Siwezi kusema hapa, mama anasikia."

"Basi sema hata unaloweza! Kesho watu wanakuja kuchukua jibu la posa, Kuntai. Nimekuambia juzi, ukaniambia 'nakuja kumsalimia mzee.' Haya, umemsalimia. Kuna kingine? Kama hakuna, basi njia ya stendi ile pale, hata kukusindikiza sikusindikizi."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira kwa kiganja. Kuntai alinyoosha mkono, akaurudisha. Alionekana kama mtu anayezama.

Dirisha la sebule, lililokuwa juu ya vichwa vyao, likafunguka. Kichwa cha Mzee Nicolaus kikatokeza.

"Samahani kuingilia ugomvi," alisema. "Ritha, kuna jambo limenikaa hapa. Wewe unasema yule Dovani ni mzimu kwa sababu aliwekewa mkate akageuza uso akatoka nje. Sasa huyu naye kawekewa wali, kageuza uso, katoka nje. Nimemwona kwa macho yangu. Naye ni mzimu?"

"Baba, tafadhali."

"Nauliza. Kijana, wewe umekataa siku zote kusema kwa nini hakula. Sema leo. Kwa nini Dovani hakula mkate?"

Kuntai alimtazama Ritha, kisha dirisha.

"Mzee, mle ndani ya nyumba ya Bibi Halvara, ni nani anayemwaga maji kwenye bakuli?"

"Binti yake. Yule mwenye kilemba."

"Ndiyo. Kila mtu anatazama mkate, hakuna anayemtazama binti." Kuntai aliegemea nguzo. "Nilipofika hapo mara ya kwanza, mama yangu Naisiae alikuwa amekaa nyuma yangu. Hajui gemu ni nini. Alipomwona Dovani anatoka nje alicheka, akasema, 'Kumbe huyu kijana anaoa.' Kwetu mzee, mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Hamkazii macho, hakai naye chumba kimoja. Ni heshima kubwa kuliko zote. Ningeandika hayo kwenye grupu wangenijazia picha za ng'ombe, nikanyamaza. Sijui kama waliotengeneza gemu walifikiria hivyo. Lakini mimi nilijua Dovani hajafa. Amependa."

Mzee Nicolaus alitikisa kichwa polepole, akionja wazo. "Binti mwenye kilemba. Ndiyo maana sehemu ya nne anarudi kijiji kile bila sababu." Vidole vyake vikaanza kugonga kizingiti cha dirisha. "Ngoja kidogo. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe leo, hapa kwangu..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Ritha aliyarudia moja moja kichwani. Jogoo wa Bungu, paja lililopoa, uso ulioinama, kutoka barazani. Tangu asubuhi mtu huyu alikuwa anasema neno lile mbele ya nyumba nzima, tena kwa tumbo tupu, na yeye alikuwa amesimama hapa anamfukuza.

"Kuntai," alisema.

"Nilitaka kukwambia wewe kwanza," Kuntai alisema haraka, maneno sasa yakimtoka yote kwa pamoja. "Nimeyapanga njiani kote. Kwa kweli ningeweza kula, sijaposa, mimi si mkwe wa mtu bado. Nilijiambia Kuntai, kula, wewe ni mgeni tu. Mama akaingia na sahani. Nikamwangalia, nikaona ana paji la uso lako. Mkono ukakataa. Nakupenda, Ritha. Nimechelewa kusema kwa sababu niliogopa nikisema utaacha kubishana na mimi."

Ritha aliangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Siwezi kuacha. Hata kwenye hili la mkate bado nina maswali."

"Uliza maisha yako yote."

"Hebu nyie!" ilikuwa sauti ya Mama Grasiana, sasa kutoka nyuma ya mlango, ambao ulikuwa wazi kidogo na haukuonyesha mtu. "Mnapendana barazani kwangu kama hakuna wazazi? Baba Ritha, wewe unachekelea nini hapo dirishani? Wafugaji hao wanahama! Leo yuko hapa, kesho ng'ombe wamemaliza majani kaenda Kilindi. Mwanangu nimtafute wapi?"

Mzee Nicolaus alikumbuka kwamba ni baba, akakunja uso. "Swali zuri. Jibu, kijana."

"Wanaohama ni kaka zangu na ng'ombe," Kuntai alijibu, bado amegeukia uani. "Mimi duka langu la dawa halihami. Nimejenga Handeni mjini, nyumba ina bati na umeme. Tena sebule ni kubwa, mzee. Inatosha runinga na kiti chako."

"Kiti changu," Mzee alirudia, na kule kukunja uso hakukudumu.

"Na mimi?" sauti ya mlangoni iliuliza. Ilikuwa imepoa kidogo. "Utanikimbia mpaka lini ndani ya nyumba yangu? Nitakuwa na mkwe wa kumwona kisogo tu?"

"Hapana, mama. Kwetu nikikuletea kondoo, ukampokea, hofu inaondoka. Tunaitana Paker, mimi kwako na wewe kwangu, ndiyo kusema tumepeana kondoo. Baada ya hapo nitakula mpaka utanifukuza."

"Kondoo mwenyewe yuko wapi? Mbona umekuja mikono mitupu?"

"Ningekuja naye leo, ningekuwa nimemposa mwanao kabla ya kumuuliza yeye mwenyewe kama ananitaka."

Mzee Nicolaus alimtazama binti yake. Kuntai naye alimtazama, na safari hii hakuwa na tabasamu, alikuwa mtu anayengoja tu, macho yamejaa. Ritha aliona kwamba sasa neno lililobaki ni la kwake.

"Mama," aliita.

"Abee."

"Mpigie shangazi yake Gregori leo hii. Mwambie tunamshukuru sana, kwa heshima zote, asihangaike na safari ya kesho."

Kuntai aliketi chini palepale barazani, kwenye saruji, na shati lake la samawati. Alifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika, na Ritha akachuchumaa mbele yake akaiondoa mikono ile mmoja mmoja ili amwone. Mzee Nicolaus alifunga dirisha kwa adabu, ingawa alibaki amesimama nyuma ya kioo.

"Nina njaa, Ritha," Kuntai alinong'ona. "Sijawahi kuona njaa kama hii. Lile paja lilikuwa linaniita kwa jina."

Ndani walisikia kiti kikiburutwa, sufuria zikihamishwa, kisha mlango wa jikoni ukafungwa na komeo likapita. Sauti ya Mama Grasiana ikatoka huko ndani, imezibwa na mbao.

"Baba Ritha! Mwambie ale. Mimi sipo. Nimekwenda kwa jirani, mama Mdoe."

Basi wakaingia. Kuntai alinawa, akakaa mezani, akala. Alikula wali wa moto na ule uliopoa, akala paja na kile kipande kingine, huku Mzee Nicolaus amemkalia karibu akimweleza kwamba kama binti mwenye kilemba ndiye sababu ya yote, basi aliyezima taa si adui hata kidogo, ni baba mkwe. Kuntai alitikisa kichwa kukataa, mdomo umejaa. Ritha aliwasogezea mchuzi, mkono wake ukapita juu ya mkono wa Kuntai na kukawia hapo.

"Ritha," mlango wa jikoni uliita.

"Mama, si umekwenda kwa mama Mdoe?"

"Ndiko niliko. Anakula?"

"Anakula, mama."

"Anakula vizuri?"

"Amebakiza mifupa."

Huko ndani mwiko uligonga sufuria mara moja, taratibu. "Basi mwambie huyo nisiyemwona, kondoo awe jike, tena mwenye mimba. Nataka wazaliane hapa nyumbani."

Ritha aligeuka kumwambia, lakini Kuntai alikuwa ameshasikia, mchuzi umempalia, na Mzee Nicolaus anampiga mgongoni huku akicheka mpaka anatoa machozi.